Kipimo Kilichotangulia na Amri Iliyochelewa

Mwezi wa Januari 2011, baada ya watoto 3,141 kwisha kuingizwa katika jaribio la tiba lililokusudiwa kuwapokea 3,600, baraza la wataalamu waliopewa amana ya kuzikagua hesabu za jaribio hilo lilitoa shauri kwamba lisimamishwe, kwa sababu tiba iliyotazamiwa kuokoa roho ilikuwa ikizidisha mauti. Hospitali zilizoshiriki zilikuwa sita, nazo ni ile ya Kilifi katika pwani ya Kenya, ile ya Teule iliyoko Muheza katika Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Lacor, Soroti na Mbale. Jaribio lilijulikana kwa jina la FEAST, nalo liliongozwa na Kathryn Maitland, mtafiti wa Kilifi, akishirikiana na matabibu wa Afrika ya Mashariki kama vile Sarah Kiguli wa Makerere, Charles Engoru wa Soroti na Peter Olupot-Olupot wa Mbale. Mgeni anayeshuka garini katika mji wa Mbale, chini ya majabali ya Wanale, aghalabu hajui kwamba katika wodi ya watoto ya hospitali ya rufaa ya mji huo ilipatikana sehemu ya ithibati iliyowalazimisha matabibu wa dunia nzima kuitazama upya kanuni waliyoirithi kwa walimu wao.

Nataka kulieleza jambo hilo kwa tuo, kwa sababu linafungua swali lililo pana kuliko tiba, nalo ni hili: kipimo cha kweli kikishapatikana, ni kitu gani kinachoizuia amri isikifuate? Mashariki ya Uganda, kuanzia Jinja, ambako mto Naili unatoka ziwani, hadi miteremko ya Mlima Elgon iliyoko juu ya Mbale, imelijibu swali hilo zaidi ya mara moja, na majibu yake hayafanani.

Tuanze na wodi. Kwa miongo mingi matabibu wa nchi tajiri walifundishwa kwamba mtoto aliyeletwa hospitalini akiwa na homa kali, amepoteza fahamu au anahema kwa taabu, na mikono na miguu yake imekuwa baridi kwa kuwa damu haizunguki sawasawa, sharti atundikiwe maji mshipani kwa wingi na kwa haraka, ndani ya saa ya kwanza, ili mishipa ijae na moyo upate cha kusukuma. Hoja hiyo ilikubalika akilini, na hospitali zilizoifuata ziliona watoto wengi wakipona. Walakini hospitali hizo zilikuwa pia na mashine za kupumulia, na dawa za kuutia moyo nguvu, na wauguzi wa kutosha wa kukesha kitandani, hata ikawa hakuna njia ya kujua ni kipi katika hivyo vyote kilichomponya mgonjwa. Kanuni ilipokewa kwa sifa za walioifuata, wala haikuwahi kupitishwa katika jaribio kubwa la kura, yaani jaribio ambalo kura ndiyo inayoamua mgonjwa yupi apate nini, pasipo rai ya tabibu kuingia. Katika Afrika, ambako hospitali nyingi hazikuwa na vyombo hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliyawekea akiba maji ya haraka kwa watoto walio taabani kabisa, na wako wataalamu walioona kwamba watoto wetu wananyimwa tiba ambayo wenzao wa Ulaya wanaipata pasipo kuuliza. FEAST iliundwa kwa matumaini kwamba itathibitisha faida ya maji hayo, ili wasioyapata wayapate.

Watoto waligawanywa kwa kura katika mafungu matatu. Fungu la kwanza, watoto 1,050, walipewa kwa haraka maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. La pili, watoto 1,047, walipewa kwa haraka maji ya chumvi. Na la tatu, watoto 1,044, hawakupewa maji ya haraka hata kidogo, ila yale ya pole pole yanayomtosha mtoto asiyeweza kunywa. Wote, bila ya kubaguliwa, walipata dawa za maambukizo, dawa za malaria, oksijeni na damu kwa kadiri ya haja zao. Saa 48 zilipotimia walikuwa wamefariki asilimia 10.6 katika fungu la kwanza, asilimia 10.5 katika la pili, na asilimia 7.3 katika la tatu. Maana yake ni kwamba katika kila watoto 100 waliotundikiwa maji ya haraka walikufa watatu na zaidi kidogo ambao, kwa hesabu, wangaliishi lau wangaliachwa na maji ya pole pole. Na hali haikugeuka ulipotazamwa upande huu au ule: kwa wenye malaria na wasio nayo, kwa waliopungukiwa sana na damu na wasiopungukiwa, na baina ya hospitali moja na nyingine, mizani ililalia upande ule ule. Kwa mtu anayejua kusoma hesabu, hiyo ndiyo sehemu yenye uzito mkubwa kuliko zote, maana bahati nasibu hairudii sura moja kila mahali.

Jambo lililonishughulisha zaidi katika matokeo hayo halimo katika idadi ya vifo. Watoto waliopewa maji ya haraka walionekana kupata nafuu mapema kuliko wenzao. Katika saa ya kwanza mikono yao ilianza kupata joto na mapigo ya mishipa yakawa bora, hata tabibu aliyekuwa karibu na kitanda angaliweza kuapa kwamba dawa imefanya kazi. Kisha, saa kadhaa baadaye, waliokufa walikuwa wengi zaidi katika wao. Uchambuzi uliotolewa na watafiti hao hao mwaka 2013 ulionyesha kwamba mauti yaliyozidi yalitokana zaidi na kuvunjika kwa mzunguko wa damu, tofauti na walivyodhani wengi kwamba maji yaliwajaa mapafuni au ubongoni. Basi jicho la tabibu mwema, mwenye huruma na uzoefu wa miaka mingi, lilikuwa likiona sawasawa kilichotokea mbele yake, na juu ya hayo likidanganyika, kwa kuwa kheri ilitangulia kuonekana na shari ikaja usiku, wakati mwingine zamu ikiwa ya mtu mwingine. Hakuna uzoefu wa mtu mmoja, hata awe bingwa wa namna gani, unaoweza kuona tofauti ya watoto watatu katika 100. Tofauti hiyo huonekana kwa kuhesabu watoto maelfu, kwa kura, na kwa daftari lisilompendelea mtu.

Upinzani haukukosekana, na sehemu yake ilikuwa ya haki. Walisema wengine kwamba watoto wengi wa FEAST walikuwa na malaria na upungufu wa damu, na kwa hiyo hukumu yao haiwezi kuvuka bahari ikawahukumu watoto wa London au Chicago, wenye maradhi mengine na vyumba vya uangalizi mahututi. Hoja hiyo ni sahihi kwa kadiri yake, ila ilikuwa nayo dosari moja, nayo ni kuwa kanuni iliyokuwa ikitetewa ilivuka bahari kuja kwetu pasipo kuulizwa swali hilo hilo. Mwaka 2017 jaribio jingine, lililofanywa Lusaka kwa watu wazima wenye maambukizo makali ya damu na shinikizo la damu lililoshuka, wengi wao wakiwa na virusi vya UKIMWI, lilileta sura inayofanana: waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi ya mapema walifariki hospitalini asilimia 48.1, na waliotibiwa kwa desturi ya siku zote asilimia 33. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake mwaka 2016, likakataza kuwapa maji ya haraka watoto wenye dalili moja au mbili tu za damu kutozunguka vizuri. Kutoka mwaka 2011 hadi 2016 ni miaka mitano, na mgonjwa wa aina ile huletwa hospitalini kila usiku wa msimu wa malaria. Nasema bila ya kumlaumu mtu mmoja kwamba muda huo ulikuwa mrefu mno.

Iko sehemu ya habari hii ambayo haikupewa haki yake. Katika fungu la tatu, lile la watoto waliotibiwa pasipo maji ya haraka, vifo vilikuwa vichache kuliko watafiti walivyotarajia walipoliandaa jaribio. Hapakuletwa mashine za ajabu. Kilicholetwa ni mafunzo ya wauguzi, utaratibu wa kumpokea kwanza aliye hatarini, oksijeni iliyo tayari, damu iliyo tayari, na mtu wa kumtazama mtoto saa kwa saa na kuandika alichokiona. Ningalikuwa na madaraka juu ya fedha za hospitali za mikoa ningaliyasoma matokeo ya FEAST kwa kuanzia hapo, kwa sababu hayo ndiyo tunayoweza kuyafanya kesho bila ya ruhusa ya mtu.

Wala kazi haikukomea hapo. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la TRACT, lililofanywa Mulago, Mbale, Soroti, na Blantyre katika Malawi, juu ya watoto 3,196 waliopungukiwa sana na damu. Katika upande wetu wa mashariki ya Uganda, ambako malaria haina likizo na ambako watoto wengine huletwa wakikojoa mkojo mweusi kama kahawa kwa sababu chembe zao za damu zimevunjika, swali la nani atiliwe damu na kwa kiasi gani ni swali la kila siku, na damu yenyewe katika benki haitoshi kamwe. Jaribio lilionyesha kwamba mtoto ambaye damu yake imeshuka, lakini hana dalili za hatari, anaweza kungojewa kwa uangalizi mzuri pasipo kuzidishiwa hatari ya kufa kwa namna iliyothibitika, ijapokuwa karibu nusu ya waliongojewa walikuja kuhitaji kutiliwa damu baadaye. Na kwamba kiasi cha damu kinachofaa hutegemea homa, kwani wasio na homa walinufaika kwa kupewa mililita 30 kwa kila kilo ya uzito badala ya 20, na wenye homa hawakunufaika kwa nyongeza hiyo. Kipimajoto, chombo ambacho zahanati nyingi zinacho, kinaweza kumwongoza muuguzi katika jambo ambalo hapo kwanza liliamuliwa kwa mazoea. Sijui utafiti wa bei rahisi kuliko huo katika kuutumia.

Sasa tushuke kwenda Jinja, ambako mambo yalikwenda kinyume, kwa maana huko amri ilitoka kwanza na kipimo kikapuuzwa.

Katika miaka ya mwisho ya 1940 iliundwa Jinja taasisi ya utafiti wa samaki wa maji baridi kwa nchi zote za Afrika ya Mashariki, ambayo mrithi wake ni taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi inayofahamika kwa kifupi NaFIRRI, na humo ndimo Humphry Greenwood alimofanya kazi ya kuwapanga na kuwapa majina wale samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje na wavuvi wa Mwanza huwaita furu. Ni samaki wa kustaajabisha. Wanasayansi hukadiria kwamba Ziwa Viktoria lilikuwa na aina zao zipatazo 500, wako wala konokono na wala mwani, wala magamba ya wenzao na wala mayai, na wote hao walitokea katika muda usiozidi miaka 17,000 hivi, kwa kuwa mashapo yaliyochimbwa chini ya ziwa yameonyesha kwamba ziwa lilikauka mwishoni mwa enzi ya barafu, kisha likajaa tena. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa Nare Ngoepe na wenzake, ambao walichambua meno na mabaki ya samaki yaliyozikwa katika mashapo hayo tabaka kwa tabaka, wakagundua kwamba furu hawakuwa wa kwanza kufika wala hawakuwa wengi kuliko samaki wengine hapo mwanzo, bali ziwa lilipoongezeka kina, wao ndio walioweza kuishi kwenye maji ya pwani na kwenye kilindi pia. Utajiri huo wote ulikuwako mbele ya mlango wa taasisi ya Jinja.

Ndipo likaja shauri la kumtia ziwani sangara, yule samaki mkubwa ambaye Waganda wengi humwita mputa, ili ale hao wadogo wasiokuwa na bei na awe yeye biashara. Geoffrey Fryer, aliyekuwa mtafiti hapo hapo Jinja, aliandika mwaka 1960 kuonya: kwamba kila hatua moja inayoongezwa kati ya mwani na mla nyama mkubwa hupoteza sehemu kubwa ya chakula, kwamba hakuna awezaye kutabiri mwisho wa kumwingiza mla nyama katika ziwa lenye samaki wasiopatikana pengine popote duniani, na kwamba kosa la namna hiyo halifutiki. Onyo lilikuwa limekwisha kupitwa na tendo. Robert Pringle alichapisha mwaka 2005 utafiti wa historia uliobainisha kwamba maofisa wa uvuvi wa serikali ya kikoloni walikuwa wamekwisha kuwatia sangara wa Ziwa Albert katika maji ya Jinja mwaka 1954, pasipo kutangaza. Na mwaka 1962 na 1963 wakatiwa wengine kwa idhini ya serikali. Ilipofika miaka ya 1980 sangara wakafurika. Takriban aina 200 za furu zikatoweka au zikawa haba hata hazionekani. Richard Ogutu-Ohwayo, mtafiti wa Jinja, aliuandika upungufu huo wa samaki wa asili katika Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga mwaka 1990, kazi ambayo mpaka leo hutajwa na kila aandikaye juu ya jambo hilo.

Haki inanilazimu niseme kwamba sangara waliwapa watu kazi, wakajenga viwanda vya minofu, na wakaliletea taifa fedha za kigeni. Wala sidhani kwamba maofisa wa 1954 walikuwa watu wabaya. Walitaka nyama nyingi kwa watu wengi. Dhambi yao ni kwamba walikuwa na taasisi ya kupima iliyokuwa umbali wa mwendo wa miguu tu, nao wakafanya kabla ya kuiuliza, kwa siri, jambo lisiloweza kurudishwa nyuma. Tangu sangara walipovuliwa kupita kiasi furu wa namna chache wamerudi kuongezeka, lakini waliotoweka wametoweka.

Jinja pia iko mizani ya ziwa lenyewe. Ziwa Viktoria lina mlango mmoja wa kutokea maji, nao ni Naili hapo Jinja, na karibu theluthi mbili au zaidi ya maji yanayoingia, wengine husema hata sehemu nne katika tano, ni mvua inayonyesha juu ya uso wa ziwa. Kwa hiyo kimo cha maji kinachosomwa Jinja ni muhtasari wa mvua na jua la nchi tano. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa ni Nalubaale, lilipofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, Misri na Uingereza zilikuwa zimekwisha kupatana kwamba maji yatakayoachiliwa yafuate kimo cha ziwa vile vile kama yalivyokuwa yakitoka kabla ya bwawa kujengwa. Mapatano hayo huitwa Mchoro wa Makubaliano. Baada ya miaka michache, baina ya 1961 na 1964, ziwa likapanda takriban mita mbili na nusu, na wengi wakalaumu bwawa, hali hesabu zilionyesha kwamba mvua ndiyo iliyoleta.

Mwaka 2005 na 2006 ikawa kinyume. Kituo cha pili, Kiira, kilikuwa kimejengwa kando ya kile cha kwanza, nchi ilikuwa na njaa ya umeme, na ziwa likashuka hadi kimo kilichokuwa cha chini kuliko vyote katika miaka 80 iliyotangulia. Sutcliffe na Petersen, wataalamu wa elimu ya maji, waliandika mwaka 2007 kwamba takriban nusu ya upungufu ule ilitokana na kuachilia maji kupita kiwango cha mapatano, na nusu nyingine ilitokana na ukame. Hapa kipimo kilikuwako, sheria ilikuwako, na vyote viwili vilikuwa mikononi mwa watu wale wale. Kilichovishinda ni haja ya taa mjini Kampala. Naona mfano huu una funzo gumu kuliko ule wa sangara, kwa sababu mwaka 1954 mtu angaliweza kusema hakujua.

Kisha mvua za mwisho wa 2019 zikaja. Kutoka Novemba mwaka huo hadi Mei 2020 ziwa lilipanda mita 1.21, likaipita alama ya 1964, na maji yakaingia majumbani na mashambani kandokando ya mwambao wa nchi tatu. Watu waliuliza swali la haki: je, hii ni kazi ya mabadiliko ya tabianchi? Rosa Pietroiusti na wenzake walilijibu mwaka 2024 kwa mifano ya hesabu inayolinganisha dunia ilivyo na dunia ambayo haikupashwa joto na moshi wa viwanda, na jibu lao linastahili kusomwa kwa makini na pande zote mbili za ugomvi. Walikadiria kwamba kupanda kwa kiasi hicho kumekuwa kwepesi kutokea mara 1.8 kuliko hapo zamani, na kwamba bila ya joto la binadamu ziwa lingalikuwa chini kwa sentimita 7 hivi. Sentimita 7 katika mita 1.21 ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni tabia ya ziwa ambalo limepanda na kushuka daima, na nyumba zilizozama zilijengwa, nyingi katika hizo, juu ya ardhi ambayo maji ya 1964 yaliwahi kuilalia. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena likaipita hata alama ya 2020. Anayewaambia wakazi wa mwambao kwamba kila kitu kimeletwa na viwanda vya nchi za mbali anawaondolea mzigo wasiopasa kuondolewa, yaani halmashauri zilizogawa viwanja. Na anayewaambia kwamba viwanda hivyo havikuchangia kitu anaikana hesabu.

Limebaki jambo la Elgon, nalo nitalisema kwa maneno machache kwa kuwa linaniuma. Mlima huu ni volkano iliyozimika, wenye udongo wa rutuba ambamo kahawa ya Wamasaba, wenyeji wake, imewalisha watu kwa vizazi, na ulio na watu wengi mno juu ya miteremko iliyo mikali mno. Mwaka 2006 Anke Knapen na wenzake, akiwemo Mary Goretti Kitutu, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri, walichapisha uchunguzi wa maporomoko katika kaunti ya Manjiya, ndiyo Bududa ya sasa, wakayaeleza mahali yanapotokea na sababu zake: mwinamo mkali, mabonde yanayokusanya maji, udongo wa mfinyanzi unaovimba, kukatwa kwa miti, na kukatwa kwa kingo za mteremko ili kupata kiwanja cha nyumba au njia. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Machi 2010, mlima ulishuka juu ya kijiji cha Nametsi, ukafunika soko na zahanati, na watu waliokufa au kupotea walikadiriwa kuwa 300 na zaidi. Oktoba 2018 ikawa zamu ya Bukalasi. Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika ndani ya mji wa Mbale wenyewe, ikaua watu zaidi ya 20. Novemba 2024 maporomoko yakarudi, ikawa zamu ya Bulambuli.

Mtu aliyekaa mbali huuliza kwa nini watu hawahami, hali wameonywa. Wanajua, wazee wa mlimani wanazitambua nyufa za ardhi kabla ya mtafiti kufika. Baada ya 2010 baadhi yao walipelekwa Kiryandongo, safari ndefu kutoka kwenye makaburi ya wazee wao, mahali pasipoota kahawa ile, na wako waliorudi. Onyo lisilofuatana na shamba halimhamishi mkulima. Hapa basi kilichochelewa si kipimo, wala kizuizi si ukaidi wa watu, bali ni ardhi ya kuwapa, na ardhi haitolewi na mtafiti.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba dawa ya mambo haya yote ni kuisikiliza sayansi. Neno hilo ni jepesi mno. Katika wodi ya Mbale kizuizi kilikuwa heshima ya kanuni ya kale. Katika maji ya Jinja kilikuwa pupa ya faida, kisha kikawa uhitaji wa umeme. Na juu ya mlima ni ufukara wa ardhi. Kila kizuizi kina mlango wake na mwenye ufunguo wake, na mwandishi anayewachanganya wote katika lawama moja huwapa nafasi ya kujificha. Jambo moja tu linawahusu wote, nalo ni fedha: majaribio makubwa ya Mbale yaligharimiwa zaidi kutoka nje, na mtu anayegharimia ndiye anayechagua swali. FEAST ilipata bahati kwamba swali la mgharimu lilikuwa pia swali letu. Haitakuwa hivyo kila mara.

Kwa hiyo naomba msomaji aliye na kiti katika baraza la mji wa Jinja au katika halmashauri za Bududa, Manafwa, Sironko na Bulambuli, asingojee taasisi yoyote ya kigeni. Kimo cha ziwa na kiasi cha maji yanayoachiliwa Jinja kitangazwe redioni kila wiki kwa Kisoga, Kiganda na Kiswahili, kando ya bei ya kahawa. Ramani za miteremko ya hatari ziwekwe katika ofisi ya kila kaunti ndogo, na asipewe mtu kibali cha kujenga, wala shule wala zahanati isijengwe, kabla ya ramani kutazamwa mbele ya mashahidi. Na fungu la bajeti la kununua mashamba ya kuwahamishia watu wa mlimani, mahali panapoota kahawa, lipitishwe na Bunge kabla ya mvua za Machi.